Mtihani Usiorudiwa

Nilirudia darasa la nane, na sioni haya kulisema. Mara ya kwanza alama zangu zilinipa nafasi katika shule ya kutwa ng'ambo ya mto, ile ambayo walimu wake walikuja siku walizopenda. Baba aliitazama karatasi ya matokeo, akaikunja, akaiweka chini ya Biblia na kusema, "Mtihani huu ulikuwa wa kuuona uso wake tu. Sasa utarudi uufanye." Januari nikapelekwa kwa shangazi aliyeishi Magwagwa, nikavaa sare ya shule nyingine na kukaa darasa lile lile na vitabu vile vile. Mwaka uliofuata nikaitwa shule ya bweni. Hapa kwetu Nyamira hakuna aliyeshangaa. Nusu ya wenzangu walikuwa wanarudia, na mmoja aliyekuwa anarudia mara ya tatu alikuwa ameshaanza kuota ndevu.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo huwezi kuelewa upumbavu niliokuja kuufanya nikiwa mtu mzima, daktari, mwenye koti jeupe na jina kifuani.

Nafanya kazi katika hospitali moja mjini Kisii, lakini kazi ninayoitamani si ya wodini. Ni ya yule mtu anayekaa chumba cha nyuma na darubini, akipokea vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa na kusema hii ni saratani, hii siyo. Watu wengi hawajui kama yupo. Mimi nilimjua kwa kumkosa. Baba alipoanza kushindwa kumeza ugali, kisha uji, aliingizwa kamera ya koo na kikakatwa kipande kidogo kama punje ya wimbi. Kipande hicho kilisafiri mbali kwenda kusomwa, maana karibu hapakuwa na msomaji. Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Tulikuwa tumeshamzika, na nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu ya kaburi. Nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Niliisoma karatasi ile nikiwa nimesimama mlangoni, na hadi leo nikiikumbuka napandwa na hasira isiyo na wa kuelekezewa.

Nafasi za kusomea kazi hiyo nchini ni chache, na mara mbili nilipoomba ruhusa ya masomo niliambiwa wodi haiwezi kubaki bila mimi. Basi nikaanza kuchungulia nje. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, Mjaluo wa kule ziwani, alikuwa tayari Marekani akisomea ubingwa. Ndiye aliyenieleza njia yenyewe. Daktari wa nje lazima afanye mitihani ya leseni ya kule kabla ya kupata mafunzo ya ubingwa. Sehemu ya kwanza siku hizi haina alama: unaambiwa umepita au umeanguka, basi. Sehemu ya pili ndiyo inayotoa namba, na namba hiyo inaambatana na kila ombi utakalotuma. Septemba maombi yanatumwa, wachache wanaitwa kuhojiwa, na Machi kompyuta inawaoanisha waombaji na hospitali. Rafiki yangu alisema ni ndoa ambayo mshenga wake ni mashine.

Sehemu ya kwanza niliipita vizuri tu. Sehemu ya pili niliisomea miezi mitatu, nikivizia dakika kati ya mgonjwa na mgonjwa, na mitihani ya majaribio niliyoifanya kwenye simu ilinicheka waziwazi.

"Ahirisha," rafiki yangu aliniambia. "Tarehe unachagua mwenyewe. Songesha mbele miezi minne."

"Naenda tu kuuona uso wake," nikamjibu.

Alicheka. Alidhani natania.

Sikuwa natania. Mtihani wa siku yoyote unayoitaka, kama kwenda kusukwa nywele, ungewezaje kuwa wa mara moja? Nikaenda Nairobi. Walinikagua mifuko, mikono ya blauzi na hata miwani, wakanikalisha mbele ya kompyuta kutwa nzima. Wengine chumbani mle walikuwa wakihema kama waliopanda mlima. Mimi nilikuwa nimetulia. Maswali niliyoyajua niliyajibu. Nisiyoyajua niliyakodolea macho vizuri ili niyatambue mwaka ujao.

Baada ya wiki kadhaa matokeo yakaja. Nilikuwa nimepita kwa alama tatu juu ya mstari. Nilifurahi, kwa kweli. Nilimtumia Mama ujumbe kwamba nimepita, kisha nikampigia rafiki yangu.

"Nimepita kwa shida," nikamwambia. "Sasa naweza kurudia lini niongeze?"

"Kurudia nini, daktari?"

"Hii sehemu ya pili."

"Ukipita huwezi kurudia. Hiyo ndiyo namba yako sasa."

"Milele?"

"Milele ni maneno ya kanisa. Lakini ndiyo, hata ukizeeka nayo."

Nikamwambia kama ningejua ningejiangusha makusudi. Akasema kuanguka nako kungeonekana kwenye ombi, pengine kungeniharibia zaidi. "Huko hakuna shangazi wa kwenda kukaa naye ubadilishe sare," akasema, maana kisa cha Magwagwa nilikuwa nimemsimulia zamani tukiwa chuoni.

Nilirudi kuzisoma kanuni. Nilikuwa nimezisoma, hilo ndilo lililoniuma. Nilijua aina ya kitambulisho kinachotakiwa na mahali pa kuweka chakula chako. Mstari wa kurudia ulikuwepo, wazi kabisa, na macho yangu yalikuwa yameuruka kwa sababu nilidhani najua unachosema. Nilimkasirikia kila mtu siku ile, nikianza na rafiki yangu asiye na kosa.

Huku nyuma Mama hakuwa amekaa bure. Sabato iliyofuata nilipofika nyumbani Ikonge nilikuta mkungu wa ndizi umeshafika kanisani kabla yangu. Niliitwa mbele. Mzee wa kanisa alitangaza kwamba binti yao amepita mtihani wa Amerika, kwaya ikaimba, akina mama wakanishika mkono mmoja mmoja, na ombi refu la shukrani likatolewa. Nilisimama pale nikitabasamu kwa meno tu. Nilijisikia mwongo, tena mwongo aliyefunga macho.

Tulipokuwa tunarudi, kwenye kijia kinachopita kati ya chai, Mama akaniuliza swali ambalo mzazi yeyote wa huku lazima aulize.

"Ulikuwa namba ngapi?"

"Kule hawapangi namba, Mama."

"Hawapangi?" Alisimama. "Sasa wanajuaje wa kumchukua?"

Mama aliishia darasa la sita, lakini akianza kuuliza hakuachi mpaka akutoe jasho. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Ukweli ni kwamba sikujua. Nilijua namba yangu ni mbaya. Sikujua mtu wa kule akiiona anafanya nini, na kadiri nilivyozidi kulifikiria ndivyo hasira ilivyopungua na hamu ya kujua ikapanda. Mimi ndivyo nilivyo. Nikishindwa na kitu, nataka kukipasua nione ndani.

Nikaanza kuziandikia hospitali za kule, moja baada ya nyingine, nikiuliza swali moja la heshima: je, mna kiwango ambacho mwombaji akiwa chini yake hamsomi ombi lake? Nyingi hazikujibu. Zilizojibu zilisema karibu neno lile lile: humtazama mwombaji kwa ujumla wake. Nilitabasamu nilipoisoma barua ya tano. Sisi tukitaka kumnyima mtu ng'ombe humwambia tutazungumza na wazee. Lakini wawili watatu walijibu kama watu. Mmoja alisema ndiyo, tuna kiwango, na akakitaja, na nilikuwa chini yake. Nilimshukuru kwa moyo mmoja, maana alikuwa ameniondolea kazi ya kutumaini bure.

Rafiki yangu alikuwa ameanza kusaidia kupanga maombi pale hospitalini kwake. Nikambana anieleze kila hatua.

"Bosi wangu ana maombi mengi kuliko siku za mwaka," akasema, "na nafasi nne. Anafungua kompyuta, anaandika namba, wa chini wanapotea kwenye skrini. Hajawakataa. Hajawaona kabisa."

"Hajisikii vibaya?"

"Ni Jumanne, daktari, na ana kliniki saa nane. Wewe ungefanyaje?"

"Na wale wanaobaki?"

"Hapo ndipo inashangaza. Wakishabaki, namba inanyamaza. Tunaanza kusoma barua, nani amekuandikia, umefanya kazi wapi, kwa nini unataka hii kazi. Kwenye mahojiano hakuna anayekumbuka nani alikuwa na ngapi. Namba ni ya mlangoni tu."

Maneno hayo nilizunguka nayo wiki nzima. Nilimfikiria karani wa kituo cha chai, jinsi anavyotumbukiza mkono kwenye gunia, anatoa konzi moja, na kwa konzi hiyo anaamua gunia zima. Mama amewahi kugombana naye mara nyingi, na mara nyingine karani alikuwa na haki. Kisha nikaanza kujitazama mwenyewe. Siku ninapokaa mapokezi ya dharura na benchi limejaa mpaka nje, ninasoma nini kwanza? Nasoma presha, nasoma joto, nasoma hewa iliyomo damuni, na ambaye namba zake ni nzuri anangoja. Uso wake nitauona baadaye. Kuna waliookoka kwa sababu nafanya hivyo. Kuna mzee mmoja ambaye namba zake zilikuwa safi, akangoja tangu asubuhi hadi saa tisa, na nilipomfikia nikajua kwa neno lake la kwanza kwamba angestahili kuwa wa kwanza. Alipona, lakini hakunishukuru, na hakukosea.

Tena lilikuwepo jambo jingine, ambalo sikulipenda. Alama ndizo zilizonitoa Ikonge. Barua ya shule ya bweni haikuuliza baba yangu ni nani, wala kama tuna viatu. Iliuliza ngapi tu. Nilipokuwa juu ya mstari sikuwahi kuulaumu mstari, wala kujiuliza ni nani aliyebaki chini yake akitazama. Sasa nilikuwa chini, na nikajikuta nina falsafa nyingi. Nilijionea aibu kidogo.

Agosti nikaamua kumwambia Mama. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tunachuna chai, kila mmoja na mstari wake na kikapu mgongoni, na nilichagua wakati huo kwa sababu mtu anayechuna hawezi kukukazia macho. Nilimweleza yote: kwamba namba ipo, kwamba yangu ni ndogo, kwamba nilienda kuuona uso wa mtihani nikakuta ndiyo mara ya mwisho kuonana nao.

Mikono yake haikusimama. "Siku ile kanisani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ulituacha tuimbe."

"Niliwaacha."

Alichuna mpaka mwisho wa mstari, akageuka. "Ungeniambia, mama," akasema. Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Tungeomba badala ya kushukuru. Tumempa Mungu habari ambayo si sahihi."

Akaanza mstari mwingine. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa zile alama.

Septemba nikatuma maombi. Sikuyamwaga kila mahali kama mtu anayepanda mtama. Nilichagua hospitali ambazo zilinijibu kama watu, ukiacha ile iliyonitajia kiwango chake, na zile ambazo miongoni mwa wanafunzi wake nilikuta majina ya kigeni kama langu. Kwenye barua ya kujieleza niliandika kuhusu kipande cha Baba na zile wiki saba. Kuhusu alama sikuandika kitu. Rafiki yangu alishauri hivyo: ukianza kujitetea kabla hujaulizwa, unamwonyesha mtu pa kupiga.

Majibu yakaanza kuingia Oktoba. Samahani, samahani, samahani. Mengine yalikuja nikiwa na mikono yenye damu, nikayasoma kwa kuchungulia simu iliyo mezani. Kufikia mwisho wa Novemba nilikuwa na mwaliko mmoja, wa hospitali ya mji mdogo ambao nilikuwa sijawahi kusikia jina lake.

Mahojiano yalikuwa kwa video, saa kumi alasiri kwa saa zetu. Niliazima ofisi ya mwenzangu mjini Kisii kwa sababu mtandao wake ulikuwa mzuri. Wiki nzima kabla ya hapo kila niliyemuuliza alinipa shauri moja: wakiuliza kuhusu namba, sema ulikuwa na malaria. Hata rafiki yangu alisema hivyo. Malaria, akasema, hakuna Mmarekani atakayebishana nayo. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hiyo malaria mpaka nikaanza kusikia baridi.

Aliyenihoji alikuwa mwanamke wa makamo ya Mama, mkuu wa mafunzo pale, mwenye nywele nyeupe fupi na kikombe kikubwa cha kahawa. Aliniuliza habari za hospitali, za barabara, za magonjwa tunayoyaona sana. Kisha akavua miwani.

"Alama zako za sehemu ya pili," akasema. "Nataka kuelewa kilichotokea. Naona umefanya vizuri kila mahali pengine."

Nilifungua mdomo kuitoa malaria. Haikutoka. Nadhani ni kwa sababu aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mtu wa namna hiyo nashindwa kumdanganya. Nikamweleza darasa la nane, karatasi chini ya Biblia, shangazi na sare. Nikamwambia kwamba kwetu mtihani wa kwanza ni wa kuuona uso wake, kwamba nilikwenda nikiwa sijajiandaa na nikijua sijajiandaa, na kwamba kanuni niliiona nikairuka.

Hakucheka. Aliandika kitu.

"Nitakuuliza jambo," akasema. "Nikikupa kipande cha kwanza cha mgonjwa wako wa kwanza, nacho kitakuwa cha kuuona uso wake?"

Uso ulinichoma. Nilitaka kumkasirikia na nikashindwa, maana lilikuwa ndilo swali ambalo ningemuuliza mimi kama ningekuwa kwenye kiti chake.

"Hapana," nikasema. "Baba yangu hakuwa na kipande cha pili. Nilikuwa nalijua hilo na bado nikaenda kwenye mtihani vile. Sijui nikueleze vipi. Kwenye karatasi nilikuwa mtoto wa shule. Kwenye nyama siwezi kuwa mtoto wa shule."

Akavaa miwani, akaniuliza kama Kisii kuna mvua wakati huu. Nilipozima kompyuta nilikuwa na hakika nimejichongea. Nilikaa kwenye kiti cha mwenzangu nikijitukana kimyakimya kwa ajili ya ile malaria niliyoiacha.

Machi ikaja. Barua pepe ya kusema kama nimepata nafasi ilitarajiwa Jumatatu, saa kumi na moja jioni kwa saa zetu. Nilichukua siku ya mapumziko nikaenda Ikonge, nikamsaidia Mama kupeleka chai kituoni, tukarudi tukakaa jikoni. Yeye alikuwa na rundo la mboga za chinsaga mapajani, anachambua majani na kutupa vijiti. Simu ikalia. Niliisoma, nikaisoma tena, kisha nikatoka nje nikaisoma kwenye mwanga.

"Nimepata," nikamwambia niliporudi. Jina la hospitali iliyokuchukua husemwa Ijumaa, lakini mtu aliyehojiwa na hospitali moja hana haja ya kungoja Ijumaa.

Mama hakunyanyuka. "Hii ni ya kuomba au ya kushukuru?"

"Ya kushukuru, Mama. Hii ni yenyewe."

Akainamisha kichwa palepale, akashukuru kwa maneno machache kwa Kigusii, akasema amina. Nikaona machozi yake, na mimi nikalia bila kujizuia, na kwa muda hakuna aliyechambua mboga. Kisha akajifuta kwa leso na maswali yakaanza. Ni mbali kiasi gani. Kama kuna kanisa letu. Nitakula nini. Ni miaka mingapi.

"Minne," nikasema. "Naondoka Juni. Nikimaliza narudi, nitakuwa nasoma sampuli hapahapa. Mtu wa Ikonge hatangoja wiki saba tena."

"Minne," akasema, akarudia tena kimoyomoyo, niliona midomo. Alichukua bua la chinsaga, akachuma majani yake yote kabla ya kuongea.

"Na mimi nikishindwa kumeza ndani ya hiyo miaka minne, kipande changu atasoma nani?"

Nilimuuliza kama koo linamsumbua. Akasema hapana, anauliza tu. Nikamuuliza tena, tangu lini, ni ugali peke yake au na uji pia. Akasema mbona namhoji kama askari, ameshasema anauliza tu. Nikamwambia kesho asubuhi tutashuka Kisii aangaliwe. Akajibu kwamba kesho ni siku ya kuchuna, akavuta bua jingine, na mimi nikabaki nikimtazama shingo kila alipomeza mate.